Kidude Chini ya Usukani: Sehemu ya Tisa

Mkono ulioingia kupitia dirisha lililovunjika haukubisha hodi. Ulimkamata Fyuzi shingoni, ukamkaba, ukamvuta hadi kisogo kikagonga nguzo ya mlango.

Tulimwacha hapo hapo, msomaji: saa nane mchana, jua likichoma mabati ya yadi, yeye amejikunja kwenye kiti cha dereva cha gari bovu, kidude chake amekichomeka chini ya usukani, simu mkononi, duara la bluu likizunguka na kuandika "Inatafuta." Sasa ameshapatikana yeye.

"Nani kakuruhusu kuingia humu?"

Fyuzi hakuhitaji kugeuka. Ilikuwa sauti ya Nyundo, mlinzi wa tajiri mwenye yadi ile, mtu ambaye jina lake halikutokana na useremala.

Kwa wewe uliyeazima gazeti la jirani leo tu, nikukumbushe upesi. Fyuzi ni fundi wa umeme wa magari, na jina hilo wenzake walimpa kwa sababu huungua haraka. Kaka yake ni dereva. Huyo wanamwita Taratibu, maana hata akiwa amebeba mgonjwa hazidishi mwendo. Wiki mbili zilizopita, basi dogo la tajiri alilokuwa akiendesha lilivamia kituo cha abiria na kuua watu wanne. Tajiri kasema dereva alikimbiza gari. Taratibu amelazwa hospitalini, mguu umevunjika, mkono umefungwa pingu kwenye kitanda.

Lakini Fyuzi anajua jambo moja. Kompyuta ya breki huandika kila kitu, na haisahau hata ukiitoa betri. Kesho mkaguzi wa magari anakuja yadini kulikagua basi hilo, ambalo ndilo gari bovu nililokutajia. Fyuzi alitaka kuisoma kompyuta hiyo leo kwa kidude chake, kinachotuma majibu kwenye simu, kabla mtu hajaichokonoa.

Ndiyo maana alipenya kwenye bati lililong'oka, na betri ya pikipiki begani, maana betri ya gari ilipondeka siku ile ile ya ajali.

Sasa pumzi zinamwishia.

Mkono wake wa kulia ulikuwa na bisibisi ya kupimia umeme, ile nyembamba yenye taa. Akaichoma juu bila kuangalia. Mara ya kwanza iliteleza. Mara ya pili iliingia kwenye nyama ya Nyundo na kukwama.

Nyundo akabweka kama mbwa. Mkono ukaachia. Simu ikamponyoka Fyuzi, ikaangukia kwenye zulia, kioo juu.

Duara la bluu lilikuwa limesimama. Chini yake kulikuwa na maneno mapya: "Kifaa kimeunganishwa na simu nyingine."

Akayasoma mara mbili, damu ya Nyundo ikimdondokea begani.

Simu nyingine?

Blututhi haifiki mbali. Ni hatua kumi, kumi na tano ukibahatika. Na kidude kile, toka kitoke dukani, kilikuwa kimewahi kuunganishwa na simu mbili tu duniani: ya Fyuzi, na ya mumewe.

Mumewe ni muuza vipuri. Alfajiri ya siku ile aliaga kwamba anasafiri kufuata mzigo, atarudi kesho kutwa. Fyuzi mwenyewe alimkunjia shati la kubadilisha.

Msafiri huyo alikuwa hatua kumi kutoka pale.

Hakupata nafasi ya kuwaza zaidi. Nyundo alichomoa bisibisi mkononi mwake kama mtu anayetoa mwiba, akaitupa, akaingiza mikono yote miwili dirishani na kumvuta Fyuzi nje. Vipande vya kioo vilivyobaki kwenye fremu vikamchana tumbo.

Alianguka kifudifudi kwenye mchanga uliolowa oili. Teke la kwanza lilimpata ubavuni. La pili mdomoni. Akatema jino.

"Ulikuwa unafanya nini mle?"

"Kamuulize mama yako."

Teke la tatu.

Nyundo akafungua mlango wa gari, akainama, akaiokota simu. Akaiweka juu ya tofali, akaikanyaga kwa kisigino cha buti. Ikalia kama karanga. Akaikanyaga tena, na tena, hadi Fyuzi akaona utumbo wa ile simu ukimetameta mchangani.

Kosa lake lilikuwa kumpa mgongo fundi kwenye yadi iliyojaa vyuma.

Karibu na mkono wa Fyuzi lilikuwepo bomba la moshi lenye kutu. Akalishika kwa mikono miwili, akalizungusha kwa chini. Goti la Nyundo likapinda upande ambao goti halipindi. Alipokuwa akianguka, Fyuzi akampa la pili, la uso.

Akainua la tatu. Hilo, nakuapia, lingekuwa la mwisho.

"Fyuzi! Acha! Nyundo, usimguse, ni mke wangu huyo!"

Mumewe alikuwa anakuja mbio kutoka upande wa ofisi, viatu mkononi kama mtu aliyekurupushwa. Bomba likamponyoka Fyuzi. Kwa muda wa pumzi tatu hivi aliamini kwamba mwanaume wake kaja kumwokoa, akajitupa kifuani kwake.

Mumewe akamdaka. Akampangusa damu mdomoni kwa shati lake.

"Wamekuua, mama watoto. Wamekuumiza."

"Ulijuaje niko hapa?"

Akaendelea kumpangusa mdomo.

"Nakuuliza. Ulijuaje?"

Simu ya mumewe ilikuwa kwenye mfuko wa shati, imewaka. Fyuzi akaitazama kupitia kitambaa chembamba. Ilikuwa picha ya gari jeupe na neno moja: "Imeunganishwa."

Nyuma yao mtu akakohoa kistaarabu.

"Shemeji," tajiri akasema. "Karibu sana. Ungepita tu getini, ungepewa kiti."

Alikuwa mzee mwembamba, mwenye shati jeupe lisilo na doa. Watu waliofanya kazi kwake miaka kumi waliapa hawajawahi kumsikia akipaza sauti. Mkononi alishika spana ya magurudumu, kama mwingine anavyoshika fimbo ya kutembelea.

"Usimlaumu mumeo," akaendelea. "Simu ndiyo iliyokusaliti. Tulikuwa ofisini tunanywa chai, analalamika kwamba asubuhi kakitafuta kidude kwenye begi lako hakukiona. Mara simu yake ikalia yenyewe. Kidude chenu kinampenda, kinamtambua hata kwa mbali. Tukajua kuna mgeni ndani ya gari."

Fyuzi alijitoa kifuani kwa mumewe polepole, kama mtu anayejitoa kwenye miiba.

"Ulikuwa unakitafuta ufanyie nini?"

"Mke wangu..."

"Ufanyie nini?"

Tajiri ndiye aliyejibu. "Afute. Kesho mkaguzi akija akute kompyuta nyeupe kama shati langu. Bonyeza, kijana, tumalize."

Mume akaitoa simu. Akaweka kidole juu ya kioo. Lakini programu ile ina tabia yake: kabla haijakuruhusu kufuta, inasoma kwanza. Mstari wa kijani ukajaa. Majibu yakatokea. Akayatazama, na rangi ikamtoka.

"Soma kwa sauti," Fyuzi akasema.

"Haina haja."

"Soma!"

Akasoma, kwa sauti ya mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. "Mwendo, arobaini na moja. Pedali ya breki, imekanyagwa hadi mwisho. Shinikizo la breki... sifuri."

Arobaini na moja. Baiskeli inafikia mwendo huo ikishuka mlima.

"Alikanyaga," Fyuzi akanong'ona. "Kaka yangu alikanyaga breki, na breki haikuwepo."

"Futa," tajiri akasema.

Kidole hakikushuka.

"Mara saba umefuta, kijana. Hii ya nane inakushinda nini?"

Nyundo, aliyekuwa anajikokota akishika goti, akageuza kichwa.

"Saba?" Fyuzi akauliza.

Mumewe akaanza kulia kabla hajaanza kusema. "Taratibu alikuwa analeta habari kwamba taa ya breki imewaka. Pampu ya breki ilitakiwa kubadilishwa. Tajiri akaniambia zima taa tu, gari liingie barabarani, pampu itakuja. Nikazima. Ikawaka tena, nikazima. Sikujua itaua, wallahi sikujua!"

"Kwa kidude changu."

"Mke wangu..."

"Nilikufundisha mimi! Mezani kwetu, sahani hazijatolewa! Nilikwambia namba ya kuunganisha ni moja mbili tatu nne, nikakwambia bonyeza hapa, na nikakwambia usizime taa kabla hujatibu ugonjwa! Lipi hukulisikia?"

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee. Yule alikuwa ndani ya shati ambalo Fyuzi alilikunja kwa mikono yake.

Fyuzi alimpiga kwa kichwa. Paji la uso lake likakutana na pua ya mumewe, pua ikavunjika, na kabla hajafika chini Fyuzi alishajirusha ndani ya gari. Akapapasa chini ya usukani, akakikamata kidude, akakichomoa.

Simu ikalia mara moja. "Imekatika."

Hakuna kusoma tena, hakuna kufuta. Akakitia mdomoni, akakitafuna kwa magego hadi plastiki ikapasuka, akateremka na kukitemea miguuni kwa tajiri.

"Haya. Bonyeza sasa."

Tajiri alikitazama kile kidude kilichotafunwa. Akachukua leso, akafuta tone la mate kwenye kiatu.

"Basi tulichome," akasema. "Nyundo, petroli."

Nyundo, goti moja bovu na uso umepasuka, alilikokota dumu akalimwagia gari: viti, usukani, boneti. Harufu ikawashika koo.

"Na hiyo simu, kijana. Nipe."

Mume alikuwa amepiga magoti, damu ya pua ikimchuruzika kidevuni. Akaificha simu nyuma ya mgongo.

"Hapana, tajiri."

"Unasemaje?"

"Programu imeshahifadhi ile ripoti. Na humu mna sauti ulizonitumia, zote saba. 'Zima taa, gari liingie barabarani.' Nikikupa, kesho pingu ni zangu peke yangu."

Tajiri akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. "Kumbe una akili. Nilikudharau."

Akampa Nyundo ishara kwa kidevu tu.

Pembeni palikuwa na meza ya chuma, na juu yake jiliwa kubwa la kubania vyuma. Juu ya meza hiyo injini nzima ilining'inia kwenye mnyororo wa puli, imetolewa kwenye lori fulani ikasahauliwa hewani. Nyundo, akichechemea, alimburuta mume hadi hapo, akamwingiza mkono wa kushoto kwenye meno ya jiliwa, akaanza kuzungusha.

Fyuzi, aliyekuwa amekaa mchangani, akataka kuinuka. Spana ya magurudumu ikamgusa utosini, taratibu, kama baraka.

"Ukisimama, shemeji, naishusha."

Mzunguko wa kwanza ulibana. Wa pili ulimpigisha mume magoti. Wa tatu ulitoa sauti ambayo Fyuzi, aliyezoea milio yote ya chuma, hakuwahi kuisikia.

"Namba ya kufungulia simu, nione kama umezituma kwa mtu," tajiri akasema.

Mume alipiga yowe lisilo na maneno.

"Zungusha."

Wa nne.

Watu wana siri zao hata kwa wake zao, msomaji. Fyuzi alimjua mumewe kuwa mwoga. Alimjua kuwa mwongo tangu dakika kumi zilizopita. Hakujua kwamba mtu mwoga, akifikishwa mwisho kabisa wa woga wake, anaweza kutokea upande wa pili.

Mkono wa kulia wa mume ulikuwa huru, bado umeibana simu. Akaitupa simu. Ikapaa juu ya petroli, ikaanguka mchangani hatua mbili kutoka kwa Fyuzi.

"Moja mbili tatu nne!" akapiga kelele. "Mama watoto, moja mbili tatu nne!"

Mwanaume mzima, siri ya roho yake, moja mbili tatu nne. Katikati ya balaa lile lote Fyuzi alipata nafasi ya kuudhika.

Akajirusha. Spana ikashuka. Haikumpata kichwani, ilimpata begani, na alisikia mfupa ukikatika ndani ya mwili wake. Mkono wa kushoto ukafa. Akaikamata simu kwa mkono wa kulia, akajiviringisha chini ya meza, akatokea upande wa pili palipokuwa na nguzo ya puli.

Mnyororo ulifungwa kwenye nguzo kwa ndoana moja. Fyuzi aliitazama ndoana, akamtazama Nyundo, amesimama barabara chini ya injini, anazungusha.

"Nyundo," akaita.

Nyundo akainua macho. Fyuzi akaipiga ndoana teke.

Injini haianguki kama vitu vingine. Haipeperuki, haiyumbi. Ilikuwepo juu, kisha ikawa chini, na mguu wa Nyundo ulikuwa katikati. Kelele zake zilifika mtaa wa pili.

Tajiri hakukimbia wala hakupiga kelele. Alisogea hatua tatu kutoka kwenye petroli, akatoa kiberiti, akawasha njiti, akaikinga upepo kwa kiganja kama anawasha sigara. Akairusha.

Gari lilishika moto kwa pumzi moja. Kompyuta ya breki, shahidi wa Taratibu, ikaanza kuyeyuka mbele ya macho ya dada yake.

Fyuzi angeweza kukimbia pale pale. Badala yake aligeukia jiliwa. Mkono mmoja, mpini wa chuma, zungusha, zungusha. Meno yakaachia. Kilichotoka mle hakikuwa na umbo la mkono.

"Nenda," mumewe akasema. Midomo yake ilikuwa myeupe.

"Inuka twende."

"Nenda, Fyuzi, kabla sijawa mimi tena!"

Tajiri alikuwa anazunguka meza na spana yake. Mume akajitupa miguuni pake, akaikumbatia kwa mkono mzima na ule uliosagika, akaubana uso wake kwenye suruali safi ya mzee yule.

Fyuzi akakimbia kuelekea kwenye bati lililong'oka. Hakugeuka. Alisikia spana ikishuka, mara moja. Mara mbili. Ya tatu hakuisikia, kwa sababu tangi la gari lililipuka.

*

Kuna kituo cha mafuta mitaa mitatu kutoka yadi. Fyuzi hakukifikia kwa bahati. Wifi yake, mke wa Taratibu, hufanya kazi pale kwenye pampu.

Wifi alipomwona anakuja, mkono unaning'inia, blauzi imegandana na damu, aliuacha mpira wa mafuta ndani ya gari la mteja.

"Wifi! Nani kakufanya hivi?"

"Nifiche kwanza."

Hakuuliza la pili. Akamshika kiuno, akamwingiza kwenye choo cha nyuma, akamletea ndoo ya maji na kitambaa. Akamfungia mkono kifuani kwa mkanda wa begi.

"Nimeipata, wifi," Fyuzi akasema, meno yakigongana. "Mume wako hakukimbiza gari. Arobaini na moja! Imo humu ndani ya simu."

Wifi akaziba mdomo kwa viganja viwili. Machozi yakamtoka. Akambusu Fyuzi kwenye paji la uso, palepale palipovunja pua ya mtu.

"Mungu akuweke. Ngoja nimpigie kwa simu ya nesi, nimwambie. Nakufungia kwa nje, mtu asiingie."

Ufunguo ukazunguka. Nyayo zikaenda.

Fyuzi akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Akabonyeza moja, mbili, tatu, nne. Simu ikafunguka. Akafungua programu.

Yeye na mumewe walitumia akaunti moja, kama walivyotumia kidude kimoja. Lakini ule ukurasa wa kumbukumbu hakuwahi kuufungua. Nani ana muda wa kusoma mambo ya jana wakati gereji imejaa magari ya leo?

Ripoti ya mwisho ilikuwepo, nzima, salama. Mwendo, pedali, sifuri. Akacheka peke yake, kicheko kikamuumiza mbavu.

Akashuka chini kutazama zile mara saba. Namba ya gari ni ile ile, kila mstari una tarehe, saa, na simu iliyofuta. Akahesabu kwa kidole chenye damu.

Ilikuwa mistari minane.

Akahesabu tena. Minane. Saba ilikuwa ya simu ya mumewe. Wa nane ulikuwa wa siku ya ajali yenyewe, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, dakika arobaini kabla ya watu wanne kufa.

Simu iliyofuta: ya Fyuzi.

Choo kile kilikuwa kidogo, lakini kwa ghafla kikawa hakina hewa kabisa. Mimi? akawaza Fyuzi. Asubuhi ile nilikuwa nyumbani. Sikuligusa gari lolote.

Juu ya mlango kulikuwa na tundu la hewa. Mkono wa wifi ukatokea hapo, umeshika simu yake.

"Ongea na kaka yako," wifi akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

Fyuzi akaipokea. "Kaka?"

"Mdogo wangu." Taratibu alikuwa anahema. "Mke wangu kasema una simu ya shemeji. Umefungua kumbukumbu?"

Fyuzi akautazama tena ule mstari wa nane.

"Taa iliwaka tena asubuhi ile," Taratibu akasema. "Tajiri alishaniambia nikimpigia tena habari za taa, nitafute gari la mtu mwingine. Nikapita kwako kunywa chai. Ulikuwa unaoga. Simu yako ipo mezani, na namba yake naijua, ni mwaka aliozaliwa mama. Nikachukua na kidude, nikatoka nje. Nilishamwona shemeji akifanya mara saba. Dakika mbili tu, taa ikazima. Nikarudi ndani nikamalizia chai yangu."

Fyuzi aliegemea ukuta. Kwa ajili ya mtu huyu alikuwa ametema jino. Kwa ajili yake alikuwa amemwacha mumewe chini ya spana.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia nini? Kwamba ninyi nyote mnaapa sina kosa, na mimi kila nikifumba macho nawaona wale wanne?"

"Kaka, ile ripoti inakusafisha. Mwendo wako ulikuwa mdogo. Ulikanyaga breki."

"Na mstari ule unanizika."

Kisha Taratibu akasema kwa sauti ndogo sana: "Ufute."

"Haufutiki peke yake." Fyuzi alikuwa ameshatazama. Programu ilikuwa na kitufe kimoja tu: "Futa kumbukumbu zote." "Nikifuta huo, ripoti nayo inakwenda. Tajiri anabaki mweupe. Na wewe unabaki na kesi ya kukimbiza gari."

"Kukimbiza gari ni ajali," Taratibu akasema. "Kuzima taa huku unajua, hiyo ina jina jingine."

Simu ikakatika, au yeye aliikata.

"Umemsikia." Sauti ya wifi ilitoka ng'ambo ya mlango, karibu sana, kama amebandika mdomo kwenye mbao. Alikuwa amesikia kila neno. "Nina watoto watatu, wifi. Futa. Nikisikia umefuta, nafungua."

"Wifi, watu wanne walikufa."

"Na wangu watatu wako hai. Futa."

"Siwezi."

"Basi kaa humo."

Fyuzi akausukuma mlango kwa bega zima. Haukutikisika. Akausukuma tena, maumivu yakampanda hadi machoni. Alikuwa anajiandaa kwa mara ya tatu aliposikia gari likiingia kituoni, matairi yakisaga changarawe, mlango ukifunguliwa bila haraka.

Kisha kikohozi cha kistaarabu.

"Samahani, binti yangu. Kuna mwanamke kapita hapa? Anavuja damu kidogo. Kaondoka na simu isiyo yake."

Fyuzi, sikio kwenye mbao, akamsikia wifi akivuta pumzi, kama mtu anayepima mzigo kabla ya kuubeba.

Halafu ufunguo ukaingia kwenye kitasa.